Kadi ya Msindikizaji

Iko nchi moja, jina lake silitaji, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa ila kwa kusifiwa, na mimi sifa zimeniishia. Nchi hiyo ina rais mmoja na ndege moja, na mara nyingi hao wawili huwa mahali pamoja, huko juu mawinguni. Wananchi hawalalamiki. Wao wana kazi yao, nayo ni kusindikiza.

Msidhani natania. Mahali pengine mtu akisafiri, ndugu wawili watatu humpeleka, wakampungia mkono, wakarudi nyumbani kupika. Kule kusindikiza ni cheo. Mtu akipita mtaani husemwa, "Yule bwana kasindikiza huyo, mpaka basi," na watu wakampisha kwenye foleni ya maji. Aliyesafiri mwenyewe hawamjali sana. Kukaa kitini ukaletewa soda, wanasema, hakuhitaji kipaji.

Serikali ilipoyaona mapenzi hayo, ikaona si vizuri yapotee bure. Ikaanzisha Kadi ya Msindikizaji. Kila Mheshimiwa Rais anapoondoka, mwenye kadi huenda uwanja wa ndege, akaigusisha kwenye mashine ya getini, akapata pointi. Kusimama tu, pointi moja. Kupunga bendera, mbili. Kuimba, tatu, lakini uwe unaujua ubeti wa pili. Kulia machozi, tano, baada ya kukaguliwa na Mkaguzi wa Machozi, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe, ambaye aliwahi kuwanasa mawaziri wawili na vitunguu mfukoni. Pointi zikifika elfu moja, mwenye kadi hupewa tiketi ya ndege, aende popote ndani ya nchi, siku yoyote ambayo ndege ipo.

Kadi yenyewe ina ada ya mwaka, noti tano nyekundu. Usipolipa kwa tarehe yake, pointi zako zote zinarudi Hazina, kwa maelezo kwamba zimekwenda kupumzika.

*

Sasa tumwangalie Mwalimu Tindwa, maana habari hii ni yake. Mwalimu Tindwa alifundisha hesabu katika shule ya msingi ya mji mkuu, na kadi alikuwa nayo kwa mwaka wa saba. Alikuwa mtu asiyekalika. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anatembea. Wanafunzi wake walizoea kugeuza shingo kumfuata, huku na huku, kama watu wanaotazama mpira.

Mwezi huo goti lilicheza zaidi ya kawaida. Binti yake wa pekee, Zawena, alikuwa muuguzi katika mji wa Ukingoni, huko nchi inakoishia, na alikuwa anaolewa Ijumaa alasiri. Baba ndiye walii. Baba ndiye anayekaa mbele ya sheikh na kutamka kwa mdomo wake kwamba namuozesha binti yangu kwa fulani. Zawena alipiga simu mwenyewe akasema, "Baba, wajomba ninao, lakini simtaki mjomba. Nataka uniozeshe wewe."

Mwalimu Tindwa, kwa furaha, akajibu jambo ambalo hakuulizwa. "Nitashuka na ndege, mwanangu. Mje mnipokee uwanjani."

Neno hilo lilikimbia Ukingoni nzima. Huko ndege huja mara chache mno, na hakuna mkwe wa mtu aliyewahi kuteremka humo. Wakwe wakakodi bendi ya beni, tarumbeta na ngoma, wakaiambia ikae tayari.

Pointi za Mwalimu zilikuwa zimepungua kumi na moja tu kufika elfu. Tatizo ni kwamba ada ilitakiwa Jumatano, na kwenye kopo la akiba nyumbani mlikuwa na noti nane nyekundu. Hazikuwapo nyingine popote.

*

Jumanne, baada ya chakula, mkewe Bi. Rehani alilishusha kopo kutoka juu ya kabati, akamwaga noti mezani. Huyu alikuwa muuza vitambaa sokoni, na hakupenda maneno mengi.

"Baba Zawena, nauli ya basi ni noti tatu kwa mtu. Sisi wawili, sita. Zinabaki mbili, tunanunua zawadi. Basi linaondoka Alhamisi alfajiri, Ijumaa asubuhi tuko kwa mwanetu. Ada ya kadi peke yake ni tano. Wewe si ndiye unayefundisha hesabu?"

"Hesabu yako haijaingiza marupurupu," alisema Tindwa, akachukua kijitabu cha kadi na kuanza kuizunguka meza. "Sikiliza. Ukumbi wa mapumziko wa wateule. Chai bure, maandazi bure, viti vya ngozi."

"Umewahi kuingia?"

"Huingii mpaka uwe na tiketi."

"Haya, endelea."

"Mabegi mawili bila malipo."

"Una begi moja, na zipu yake imekufa."

"Bima ya mzigo. Begi likipotea safarini, unalipwa."

"Begi lako halijatoka uvunguni mwaka wa saba huu. Litapoteaje?"

"Ndiyo nguvu ya bima hiyo, Mama Zawena. Mpaka leo halijapotea hata mara moja."

Mwalimu akaongeza mwendo. Akasoma kipaumbele cha kupanda kabla ya wengine, akasoma punguzo la hoteli katika miji ambayo haina hoteli, akafika ukurasa wa mwisho akaurudia wa kwanza. Mwishowe akatoa lile lililokuwa moyoni.

"Miaka saba nimelipa. Nikiacha leo, zile zote nimezitupa."

"Zile zilishakwenda. Mimi nasemea hizi zilizo mezani."

"Na Zawena nilimwambia nitashuka na ndege. Watu wamekodi bendi."

"Zawena anakutaka wewe. Hakuomba ndege."

Lakini Bi. Rehani alijua anamwambia nani. Alizigawa zile noti mafungu mawili, tano upande mmoja na tatu upande mwingine, akazichukua zile tatu akazifunga kwenye pindo la khanga. "Mimi nakwenda na basi," alisema. "Fungu hilo ni lako. Fanya unalotaka, ila Ijumaa alasiri nikuone."

*

Jumatano asubuhi Mwalimu Tindwa alikuwa Wizara ya Safari na Subira, katika ofisi ya Bwana Fumbwe, Mkurugenzi Msaidizi wa Maondoko. Bwana Fumbwe alikuwa na meza kubwa kiasi kwamba mgeni alisalimia kutoka upande mmoja na salamu ikajibiwa baadaye.

"Mkurugenzi, nauliza kabla sijalipa," alisema Tindwa akiwa amesimama, maana alipewa kiti akakikataa. "Kesho Mheshimiwa Rais anaondoka?"

"Anaondoka. Anakokwenda ni siri ya nchi, na sisi tunaosindikiza hatuna adabu mbaya ya kuuliza."

"Basi kesho nikipata pointi zangu, Ijumaa asubuhi nitapata ndege ya Ukingoni?"

"Mwalimu," alisema Bwana Fumbwe, akajinyoosha kama mtu anayetaka kuhutubia, na kumbe ndivyo alivyotaka. "Wako watu wasioitakia mema nchi hii, wanaosema kadi yetu ni mtego. Wanasema Rais akiondoka pointi zipo lakini ndege haipo, akirudi ndege ipo lakini pointi hazipo. Mimi nawauliza, je, kuna siku hata moja ambayo mwananchi amekosa vyote viwili? Hakuna. Kila siku Mungu anayoleta, serikali inampa kimoja. Nchi gani nyingine imefika hapo?"

"Ila mimi Ijumaa nataka ndege, Mkurugenzi. Namuozesha mwanangu."

"Ndege itarudi. Kurudi ni sera."

"Watu wangapi wameshapata tiketi kwa kadi hii?"

"Swali zuri. Wengi sana wamekaribia."

Tindwa akatoka nje. Akafika kwenye ngazi, akarudi, akauliza tena kama kweli ndege itarudi, akaambiwa tena kwamba ni sera. Akatoka. Akasimama barabarani, akaziangalia zile noti tano. Kituo cha mabasi kilikuwa upande wa kushoto, hakikuwa mbali, na alisikia wapiga debe wakiita Ukingoni, Ukingoni. Moyo ulimwenda mbio na hakujua unakimbilia wapi. Akawaza miaka saba ya kusimama juani. Akawaza zile tarumbeta. Akarudi ndani, akalipa.

Alipewa stakabadhi na kalamu yenye picha ya bawa. Kalamu haikuandika, lakini hilo ni jambo dogo na mimi silisemi.

*

Alhamisi alfajiri alimpeleka mkewe kituoni. Bi. Rehani alikuwa na mafurushi matatu na sufuria moja kubwa ya kupikia pilau. "Kiti cha jirani yangu kitupu," alisema kutoka dirishani. Tindwa akasema watakutana huko, yeye atatangulia kulala na kuamka, ndege inachukua saa moja tu. Basi likaondoka. Alilipungia mkono mpaka lilipokata kona, kisha akakumbuka kwamba kusindikiza basi hakuna pointi, akakimbilia uwanja wa ndege.

Umati ulikuwa umeshajipanga. Waziri wa Safari na Subira alihutubia kwa muda mrefu juu ya umuhimu wa kutokuwepo. "Kiongozi asiyeondoka," alisema, "wananchi watamkumbuka lini?" Wakapiga makofi. Tindwa alisimama, akapata yake. Akapunga bendera, akapata zake. Wimbo ulipofika ubeti wa pili, wengi wakabaki kufunguafungua midomo, lakini yeye aliimba neno kwa neno, na mashine ikamjua.

Yakabaki machozi.

Machozi hayakuja. Alimtazama Mheshimiwa Rais akipanda ngazi, akageuka, akapunga, akashuka kwa kuwa kamera moja haikuwa tayari, akapanda tena. Tindwa akajibana paja, wapi. Akajaribu kumfikiria Rais akiwa mbali na nchi yake, akajikuta anapata nafuu. Ngazi ilikuwa inaanza kuondolewa. Hapo ndipo bila kutaka akamkumbuka Zawena wa miaka minne, aliyekuwa akishika kidole chake kimoja tu wakivuka barabara, na akikishika hakiachii mpaka nyumbani. Kesho mtoto huyo anakwenda kwa watu. Yakamtoka machozi mpaka shati likalowa.

Mkaguzi akaja, akagusa kwa kitambaa, akanusa. "Haya ni safi," alisema. "Sijawahi kuona kama haya toka nimeanza kazi. Unamlilia Mheshimiwa?"

"Namlilia mtu anayeondoka, mama."

"Inatosha." Akampigia muhuri.

Mashine ikasoma elfu moja kamili. Bwana Fumbwe akaja mbio, akampa mkono, akampigisha picha, akamkabidhi tiketi ya Ijumaa saa mbili asubuhi, ya kwanza tangu mpango uanze. Huko nyuma yao ndege ikaruka na Rais na watu wake, viti vingi vikiwa vitupu. Wasindikizaji wakapunga kuelekea ilikoelekea, nako ilikoelekea hakuna aliyeuliza, kwa ajili ya adabu.

*

Ijumaa Mwalimu Tindwa aliingia ukumbi wa wateule. Viti vilikuwa vya ngozi kweli, na vilikuwa bado na nailoni yake. Aliletewa chai. Akaketi, akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Amevaa kanzu mpya aliyoiazima na koti lake la sherehe, na begi lenye zipu mbovu amelifunga kamba. Saa mbili ikafika, ikapita. Saa tatu ikapita. Uwanja ulikuwa mweupe, kunguru wanatembea kwenye njia ya ndege bila wasiwasi.

"Mkurugenzi, ndege imechelewa," alimwambia Bwana Fumbwe, aliyekuja kumtazama msafiri wake kila baada ya muda kama anayetazama mkate.

"Haijachelewa. Kitu kinachelewa kama kimepangiwa saa."

"Tiketi imeandikwa saa mbili."

"Hiyo ni saa yako wewe, Mwalimu. Ndege haijaandikiwa."

Saa sita watu walianza kujaa ukumbini. Walikuwa maofisa wa wizara waliokuja kutazama runinga, kwa sababu Rais akionekana kwenye kioo, mwenye kadi anatakiwa awe mbele ya kioo. Picha zikaanza. Mtangazaji, kwa sauti ya mtu anayemeza asali, akasema kwamba Mheshimiwa Rais yuko katika mji wa Ukingoni, ambako jana alizindua kibao kinachowajulisha wananchi kwamba nchi inaishia hapo.

Tindwa aliacha kutembea.

Mtangazaji akaendelea. Wananchi wa Ukingoni, alisema, walimpokea kiongozi wao kwa mapenzi yasiyo na mfano, ijapokuwa ziara ilikuwa ya siri. Walipoisikia ndege walitoka mbio na bendi ya beni, tarumbeta na ngoma, na akina mama wakipiga vigelegele, wakiimba karibu mkwe, karibu mkwe. Mheshimiwa Rais aliguswa sana na jina hilo. Alipouliza, akaambiwa kuna harusi mjini. Akaamua kuahirisha kurudi ili ahudhurie harusi hiyo ya wananchi wa kawaida, kuonyesha unyenyekevu wake.

Ukumbi ukapiga makofi. Kwenye kioo zikaonekana tarumbeta zikipigwa, na nyuma yake uwanja, na kwenye uwanja ndege, ile ile, imetulia. Kisha ikaonekana nyumba yenye maturubai, na mbele ya nyumba, akiwa ameshika mwiko, Bi. Rehani.

Tindwa akatafuta kiti akakikosa, naye alikuwa katikati ya viti.

*

Simu yake iliita saa tisa na nusu. Alikuwa mkewe.

"Baba Zawena, uko wapi?"

"Uwanjani."

"Uwanjani huku au huko?"

Bi. Rehani aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, na nyuma yake kulisikika kelele za watu wengi.

"Nisikilize. Sheikh amekuja, bwana harusi amekaa. Wanauliza walii yuko wapi. Mjomba alisimama, lakini watu wa itifaki wamemkalisha. Wanasema baba mzazi akikosekana, yupo Baba wa Taifa. Mheshimiwa amekubali kuozesha. Kamera zimeshawekwa. Sheikh amekataa kuanza mpaka asikie sauti yako, kwamba umemwakilisha Mheshimiwa aozeshe kwa niaba yako. Namheshimu huyo mzee. Sasa sema."

"Waambie wanisubiri. Ndege ikirudi..."

"Baba Zawena. Ndege haiondoki mpaka mwenyewe aondoke, na mwenyewe haondoki mpaka ale pilau, na pilau hailiwi mpaka ndoa ifungwe."

Mwalimu wa hesabu akaisikia hesabu hiyo na hakuona kosa lolote ndani yake. "Nipe Zawena," alisema.

Ikaja sauti ya binti yake.

"Baba. Jana tulipoisikia ndege, mimi ndiye niliyetangulia kufika uwanjani. Nilikimbia na hina mikononi, haijakauka. Wakashuka wote. Nikasimama mpaka ngazi ikaondolewa, nikijua utakuwa wa mwisho kwa sababu ya begi lako. Kwani ulipanda ipi?"

"Sikupanda, mwanangu."

"Mama alikuwa na kiti kitupu."

"Najua."

"Mimi ningekuja kituo cha basi, Baba. Ningefurahi vile vile."

Mwalimu Tindwa aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani. Ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia, maana sasa kioo kilikuwa kimegawanywa, upande mmoja sheikh na simu mkononi, upande mwingine Mheshimiwa Rais akiweka sawa kofia aliyoazimwa. Bwana Fumbwe alikuwa anatabasamu kwa fahari, akimpa ishara ya kidole azungumze, nchi inasubiri.

Sheikh akauliza kama yeye ni Tindwa, baba wa Zawena. Akasema ndiye. Akaulizwa kama anamwakilisha huyu aliye mbele ya sheikh amuozeshe binti yake. Tindwa akafikiria kukataa. Akamfikiria Zawena amekaa pale na hina yake, watu wa Ukingoni nzima wamesimama juani, na bwana harusi wa watu asiye na kosa.

"Nimemwakilisha," alisema.

Kwenye kioo Mheshimiwa Rais alitamka maneno yaliyokuwa ya mtu mwingine, akakosea jina la bibi harusi, akarekebishwa, akatamka upya. Vigelegele vikapigwa. Ukumbi wa wateule ukasimama na kushangilia, na Bwana Fumbwe akaja akamkumbatia Tindwa, akamwambia kwamba hii ni historia, hakuna mwenye kadi aliyewahi kupata faida kubwa namna hii, na kwamba kwa idhini aliyopewa na Waziri sasa hivi kwa simu, ada ya mwaka ujao wamempunguzia kwa nusu.

Simu ilikuwa bado sikioni. "Baba Zawena," alisema Bi. Rehani, "kuna basi la jioni. Nimesema na kondakta kwa simu, atakupakia, nitamlipa ukifika. Nakuwekea chakula."

Tindwa akachukua begi lake. Mlangoni alikuta askari amesimama na mikono nyuma.

"Mzee, Rais bado yuko kwenye kioo. Ukitoka sasa, kadi inafutwa na pointi zote."

Nyuma yake mtangazaji alikuwa anamsifu baba huyo mwenye bahati, bila kumtaja jina. Mwalimu Tindwa alimwomba askari ampishe, akatoka, na huko nje akauliza njia fupi ya kufika kituo cha mabasi.